Chama bila masharti: ni nani aliye huru ndani yake?

SWALI: Sisi ni chama cha watu 18 hapa Nyalenda, Kisumu, wengi wetu wauza omena na mboga. Tunakutana kila Jumamosi. Tulianza kama marafiki, kila mtu akitoa alicho nacho na kukopa kwa kuelewana, na pesa huwa zinakaa kwangu. Mwaka jana mmoja wetu alichukua 40,000, amerudisha 13,000, na siku hizi akiniona sokoni anakata kona. Nikapendekeza tuandike katiba na kuweka faini. Nusu ya kikundi ikakataa. Wanasema walikimbia benki na mikopo ya simu kwa sababu ya masharti, na hapa ndipo mahali pekee walipobaki huru. Je, ni kweli sheria zitatuondolea uhuru wetu? (Mweka hazina, Kisumu)

JIBU: Dada, wanaokupinga wana nusu ya ukweli, na nusu hiyo nitaifikia. Lakini kabla ya kuuliza kama sheria zitawaondolea uhuru, angalia ni nani kati yenu aliye nao leo.

Wewe huna. Mtu akibisha mlango wako saa tatu usiku akisema mtoto ana homa, naye anajua pesa zimo ndani, una njia mbili tu: umpe halafu uulizwe na wenzako Jumamosi, au umnyime uitwe mwenye roho mbaya mtaa mzima. Mdaiwa wenu pia hana, maana anazunguka soko kwa kona ili asikutane nawe. Pengine angeweza kulipa mia tano kila wiki, lakini hakuna aliyemwambia kwamba mia tano inatosha, kwa hiyo anangoja azipate zote kwa mpigo, na hazipatikani. Halafu kuna yule mpole anayetoa mchango kila Jumamosi na hajawahi kukopa hata mara moja, kwa kuwa mkopo wa kuelewana humwendea anayejua kuongea.

Kikundi kisicho na sheria bado kina mtawala, naye ni aibu. Aibu haitawali kwa haki. Mwenye haya humbana mpaka akakosa usingizi, na mwenye macho makavu humpita tu. Sheria iliyoandikwa inachukua uamuzi kutoka kwenye uso wa mtu na kuuweka kwenye karatasi, na hapo wewe unapata neno ambalo leo huna: "Hapana, si mimi, ni kikundi." Kwa mweka hazina, neno hilo ni uhuru mkubwa kuliko mwingine wowote.

Hata taifa lilijengwa hivyo. Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 36, inampa kila mtu uhuru wa kujiunga na chama chochote, na papo hapo inasema hakuna atakayelazimishwa kujiunga. Tazama jinsi uhuru wenyewe ulivyo na mpaka ndani yake: bila hilo neno la pili, la kwanza lingegeuka amri. Na wanachama wako wauza omena wanajua mfano ulio karibu zaidi. Upande wa Kenya, uvuvi wa omena katika Ziwa Victoria hufungwa kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai ili samaki wazaane. Hakuna anayeipenda miezi hiyo. Lakini ziwa lisilofungwa kamwe ni ziwa ambalo mwenye mashua nyingi na taa nyingi yuko huru, na mwenye karai moja pale ufukweni Dunga anangoja makombo.

Sasa nusu ya ukweli ya wapinzani wako. Masharti ya mkopo wa simu yanaudhi kwa sababu yaliandikwa na mtu usiyemjua, huwezi kuyabadilisha, na hayasikii kwamba ziwa limefungwa. Sheria ya namna hiyo ni nira kweli. Mkienda saiba, duka la kompyuta, mkachapisha katiba ya kikundi kingine, kurasa kumi na nne za Kiingereza, mtakuwa mmejiletea nira hiyo hiyo kwa mikono yenu. Hili ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko wizi. Karatasi inakaa kwenye faili, hakuna anayeijua, na siku ya ugomvi mmoja anaitoa kama panga.

Kwa hiyo, kipengele cha kwanza kuandikwa kiwe cha jinsi ya kubadilisha vingine. Kwa watu 18 ninashauri hivi: akidi ya mkutano, yaani idadi ya chini ya waliohudhuria, ni watu 12, sheria hubadilishwa kwa kura za watu 12, pendekezo hutolewa Jumamosi moja na kupigiwa kura Jumamosi inayofuata, kamwe si siku ile ile. Wiki hiyo moja huzuia hasira isigeuke sheria. Kipengele cha pili kiwe cha kutoka. Mtu akitaka kuondoka kabla ya mwisho wa mzunguko, yaani kabla ya siku ya kugawana, anarudishiwa hisa zake (nitazieleza hapa chini) kwa bei aliyonunulia, bila faida, baada ya kukatwa deni, ndani ya wiki nne. Wasomee wapinzani wako vipengele hivi viwili kabla ya kutaja faini. Mtu akishajua mlango uko wapi, hukaa ndani kwa amani.

Kisha pesa. Acheni "kila mtu atoe alicho nacho", mnunue hisa. Hisa moja iwe shilingi 200, na kila Jumamosi mwanachama anunue angalau moja na zisizidi tano. Kima cha chini hulinda kikundi dhidi ya mgeni anayekuja kukopa tu. Kima cha juu watu hukiuliza sana: kwa nini umzuie mwenye pesa? Kwa sababu mwenye hisa ishirini kila wiki, baada ya miezi mitatu, ndiye atakayekuwa anawakopesha ninyi nyote, na hapo kura ya mwenyekiti haina maana tena. Ile tano ndiyo inayofanya sauti ya muuza sukuma ibaki sawa na ya mwenye duka.

Mkopo usizidi mara tatu ya akiba ya mkopaji. Mwenye 6,000 anaweza kuomba hadi 18,000. Hapa pana hesabu ambayo vikundi vingi haviifanyi. Kama kila mmoja wenu ana 6,000, sanduku lina 108,000. Wote wakidai haki yao ya mara tatu mtahitaji 324,000, na hazipo. Kwa hiyo mara tatu ni mpaka wa juu, haimwahidi mtu kitu. Andikeni pia jinsi pesa zinavyogawanywa zisipotosha: maombi yote yasomwe kwa sauti kabla ya kutoa hata shilingi, ada ya shule na ugonjwa vitangulie biashara, na kinachobaki kipunguzwe kwa kila mwombaji kwa kiwango sawa. Msipoandika hivyo, atakayepata ni aliyemnong'oneza mwenyekiti Ijumaa jioni.

Riba iandikwe pamoja na namna ya kuihesabu. Asilimia kumi kwa mwezi inasikika kama kitu kimoja, kumbe ni vitu viwili. Mtu akikopa 9,000 kwa miezi mitatu, riba ikihesabiwa juu ya mkopo wote kila mwezi atalipa 900 mara tatu, yaani 2,700. Ikihesabiwa juu ya deni lililobaki, huku akirudisha 3,000 kila mwezi, atalipa 900, kisha 600, kisha 300: jumla 1,800. Tofauti ya 900 imevunja urafiki wa miaka mingi, na kila upande ulikuwa na asilimia kumi mdomoni. Mimi ningechagua ya deni lililobaki, kwa kuwa inamtuza anayelipa mapema. Na kwa watu wa pato lenu, asilimia tano ni bora kuliko kumi. Faida mtakayogawana ni jasho lenu wenyewe limezunguka likarudi.

Wadhamini wawe wawili, na mtu asidhamini zaidi ya mkopo mmoja kwa wakati mmoja. Mume na mke wasidhaminiane. Kiongozi akiomba mkopo, atoke kwenye kiti chake mpaka uamuzi utolewe. Vikundi vingi havikufa kwa sababu ya mwanachama mdogo aliyeshindwa. Vilikufa siku mwenyekiti alipokopa na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Sasa kalenda, ambayo katiba za kunakili hazina kabisa. Mzunguko wenu uanze Jumamosi ya kwanza ya Agosti, ziwa linapofunguliwa, na ufungwe Jumamosi ya mwisho ya Machi. Ni wiki 34 hivi. Mtagawana pesa wakati ule ule omena inapokatika, badala ya Desemba ambapo pesa hupanda basi la sikukuu na kuishia huko. Mkopo wa mwisho utolewe Januari, na madeni yote yawe yamelipwa ifikapo mwisho wa Februari, ili Machi muwe mnahesabu pesa, msiwe mnafukuzana. Aprili hadi Julai mkutane mara moja kwa mwezi kwa ajili ya mfuko wa jamii tu, ule wa kusaidiana misibani. Wauza mboga watalalamika kwamba wao hawana msimu. Wana haki ya kulalamika, na kama wangekuwa wengi kuliko wauza omena ningewaambia mfanye Januari hadi Desemba na kuruhusu likizo ya hisa. Sheria nzuri hukatwa kwa kipimo cha mwili wa anayeivaa.

Hesabu ya kugawana ni rahisi ikiwa hisa ziliandikwa. Tuseme kwa wastani kila mtu alinunua hisa tatu kwa wiki: 18 mara 34 mara tatu ni hisa 1,836, sawa na 367,200. Tuseme riba imeleta 33,048. Jumla ni 400,248. Gawanya kwa 1,836, kila hisa ina thamani ya 218. Aliyeweka 102 anaondoka na 22,236, aliyeweka 34 anaondoka na 7,412. Hapo hakuna wa kumhonga wala wa kumshukuru.

Mfuko wa jamii ndio ugumu wenyewe katika nchi yetu ya matanga. Kila mtu atoe 50 kila mkutano, ziwekwe kwenye mfuko wake wa kitambaa, zisichanganywe na za hisa. Halafu mkae chini mjadili swali hili kabla hajafa mtu: mzazi ni nani? Katika boma la wake watatu, mtoto huwaita wote mama, na kwa mila hakosei. Lakini mfuko wenye 20,000 hauwezi kuzika mama watatu wa kila mwanachama. Baba mkwe yumo? Mtoto wa ndugu uliyemlea tangu akiwa na miaka miwili yumo? Msijibu kwa maneno ya jumla. Kila mwanachama aandike majina, tuseme watu sita awatakao yeye, siku ya kwanza ya mzunguko. Kikundi kisaidie kwa 5,000 kwa kila msiba wa mtu aliye kwenye orodha, usizidi misiba miwili kwa mzunguko. Aliyemlea mtoto wa ndugu atamwandika huyo mtoto, na anayempenda mama mdogo kuliko mkwe ataamua mwenyewe. Bila orodha, mngeishia kupima mbele ya jeneza uchungu wa nani ni halali. Mnaotaka kuchanga zaidi kwa hiari, changeni. Sahani ya matanga haikatazwi. Ila isitoke kwenye sanduku.

Faini. Hapa niwe upande wa wanaokupinga kidogo, kwa sababu nimeona orodha za faini zenye vipengele thelathini: simu ikilia, mtoto akilia, kukosa sare, kucheka katibu akisoma. Hiyo ni jela. Mtaalamu wa sayansi ya siasa wa Marekani Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza wavuvi, wafugaji na wakulima wa mifereji walioweza kutunza mali ya pamoja kwa vizazi vingi. Kati ya mambo aliyoyakuta ni kwamba adhabu zao zilianza ndogo na kupanda polepole. Kosa la kwanza ni ukumbusho tu, kwamba kuna jicho linaloona. Kwenu tatu zinatosha: kuchelewa 20, kukosa bila kutuma habari 50, kuchelewesha rejesho 100 kwa wiki kwa wiki nne, kisha mdaiwa na wadhamini wake waitwe wazungumze na kikundi. Faini isizidi hisa moja hata siku moja. Ikizidi, mtu aliyekwama ataona ni nafuu kutoroka kuliko kuja. Na msiwe na faini juu ya mambo ya nyumbani kwa mtu, anachovaa, kanisa analosali au anayelala naye. Mpaka wa chama ni sanduku. Kikiuvuka, wapinzani wako watakuwa wamesema kweli.

Pesa zitoke mikononi mwako wiki hii. Nunueni sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Mtindo huu ulienea Afrika kutokana na vikundi vya wanawake wa Niger vilivyoanza mwaka 1991, na bado sijaona ulio bora kwa kikundi kidogo. Sanduku linakaa kwako, funguo tatu zinakaa kwa wanachama watatu wasio viongozi na wasiokaa ploti moja. Halifunguliwi ila mkutanoni. Utaratibu wenyewe ni huu: mnakaa kwa duara, kila mtu mahali pake pa siku zote kwa namba, sanduku katikati. Kabla kufuli haijaguswa, katibu anauliza, "Jumamosi iliyopita tulifunga na ngapi?" Wanachama wanajibu kwa kichwa, si kwa daftari. Kisha wenye funguo wanafungua, watu wawili wanahesabu kwa sauti, noti kubwa kwanza. Ikilingana, mnaendelea na hisa, mmoja mmoja, na kitabu cha mwanachama kinapigwa muhuri mbele yake. Mwisho mnahesabu tena na kuikariri jumla pamoja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, lakini hata daftari huweza kuliwa na mwenye kalamu; jumla iliyo vichwani mwa watu 18 haifutiki.

Jumla ikipita kiasi mtakachokubaliana, tuseme 30,000, ziada ipelekwe benki kwa akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu, wawili wakitosha kutoa. Ili mfungue akaunti mtahitaji cheti cha usajili. Chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, kikundi kinahitaji angalau watu kumi, kwa hiyo ninyi mmevuka. Andaeni kumbukumbu za mkutano mlioazimia kujisajili, orodha ya wanachama yenye namba za vitambulisho na sahihi, na katiba yenu, mwende ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo. Kurasa mbili za Kiswahili au Dholuo zilizoeleweka zisomwe kwanza mkutanoni kwa sauti, kipengele kimoja kimoja, kila kimoja kikipigiwa kura. Kipengele ambacho aliyesoma hadi darasa la nne hawezi kukieleza kwa maneno yake kirudi kikaandikwe upya.

Limebaki la yule wa 40,000. Msimtoze faini hata shilingi: alikopa wakati hakukuwa na sheria, na sheria haifai kurudi nyuma kumng'ata mtu. Mkimtoza, kila anayewaza kujiunga ataona kwamba katiba yenu ni mtego uliotegwa kwa ajili ya mmoja. Watu wawili asiowaogopa, na wewe usiwe mmoja wao, wamwendee nyumbani na ujumbe mfupi. Deni limesimama kwenye 27,000, halitaongezeka. Alipe 1,000 kila Jumamosi kuanzia ile ya kwanza ya Agosti. Baada ya Jumamosi 27, mwishoni mwa Januari au siku za mwanzo za Februari, atakuwa amemaliza na atagawana Machi kama wengine. Akishindwa 1,000 wiki fulani, alete 500 na aseme. Anaweza kununua hisa moja kila wiki akiendelea kulipa, ila hawezi kukopa mpaka amalize. Mwandikieni hayo kwenye karatasi moja, asaini, nakala abaki nayo yeye.

Na akikubali, mpeni ufunguo mmoja kati ya zile tatu. Wengi watakushangaa. Lakini mshika ufunguo hawezi kufungua peke yake, na hawezi kukosa mkutano bila sanduku kubaki limefungwa na watu kumi na saba kumsubiri.